Silabi Iliyodondoka: Mama Moto Mdogo Anakabidhi Mwiko

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, mpishi mkuu wa kantini yetu atakabidhi funguo za stoo ya chakula na kustaafu kwa heshima, baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja na miezi minne. Kwa muda wote huo amewapikia wafanyakazi wa kiwanda hiki cha uchapaji chakula cha mchana kila siku ya kazi, isipokuwa siku za likizo, miezi ya uzazi wa mtoto wake wa mwisho, na wiki kumi na moja ambazo nitazieleza hapa chini. Jina lake rasmi wanalijua watu wa utumishi. Sisi wengine tunamwita Mama Moto Mdogo, naye huitika.

Kamati ya hafla iliniomba niandike wasifu huu kwa sababu mimi ni msahihishaji mkuu, na watu hudhani anayeona makosa ya wengine anajua kuandika. Nilikubali haraka kuliko walivyotarajia. Nina sababu yangu. Wiki zile kumi na moja Mama alizimaliza kwenye sinki la vyombo, ameondolewa jikoni kwa kosa ambalo halikuwa lake, na mwenye kosa hajawahi kutajwa. Sitaki mama wa watu aondoke na doa lililotoka kwenye karatasi yetu. Lakini wasifu una utaratibu wake, kwa hiyo tuanze mwanzo.

Aliingia hapa akiwa na miaka ishirini na tisa, kibarua wa wiki mbili wa kuosha vyombo, akimshikia nafasi mwenzake aliyevunjika mkono. Siku ya nne mpishi wa wakati huo alitoka kwenda kupokea kuni, akaacha maharage yakitokota kwa fujo, moto umepanda mpaka masikioni mwa sufuria. Kibarua akafuta povu mikononi, akavuta vijinga viwili nje, akarudi kwenye vyombo vyake. Mpishi aliporudi alifoka: nani kachezea moto, na saa saba watu watakula nini? Saa saba watu walikula maharage ambayo, kwa mara ya kwanza katika historia ya kantini, yalikuwa yameiva yote kwa pamoja. Wiki mbili zikapita, hakuna aliyemwambia aondoke, na yeye hakuuliza. Jina la Moto Mdogo alipewa na mafundi wa mitambo kwa utani, likamganda.

Alikuwa mpishi msaidizi kwa miaka mitatu, mpishi kwa miaka sita, na mpishi mkuu tangu hapo. Alikuta watu sitini wakila kwa zamu mbili. Anaacha mia moja na sitini kwa zamu tatu. Hajawahi kuchelewesha zamu hata moja, hata wiki ile ya kuchapa karatasi za mitihani, tulipokula tumesimama na polisi wawili wanatuangalia. Polisi nao walikula. Mmoja alirudi mwezi uliofuata akidai amesahau kofia.

Ambaye hajaingia jikoni kwake amekosa kitu. Ni chumba chembamba kati ya stoo ya karatasi na mashine ya kukatia. Vumbi la karatasi hupenya hata dirisha likifungwa, kwa hiyo kila sufuria ina kitambaa cheupe juu ya mfuniko, na kila kitambaa kina uzi wa rangi yake pembeni, cha samaki kisije kikaenda kwenye wali. Kuna meza moja ya mabati, kalenda ya mwaka juzi ambayo haondoi kwa sababu anapenda picha, na rafu ya madebe. Mama husema jikoni mwake kuna mwiko wa aina mbili, wa kukorogea na wa kutovunjwa. Huu wa pili ni mmoja tu: mafuta yasitoe moshi.

Mafuta yenyewe ni ya mawese, mekundu, yale ambayo asubuhi ya baridi huganda nusu ndani ya debe na kulainika jua likipanda. Jumanne na Alhamisi huingia kwenye maharage na mboga za majani. Siku nyingine hutumia mafuta ya alizeti, au huchemsha tu na kuweka ndimu, ili ulimi usizoee kupata kila unachokitaka. Wageni wa kiwanda, hasa wateja wenye mashati meupe, huiangalia sahani ya Jumanne kwa wasiwasi. Kisha hula. Kisha huuliza, kwa sauti ya chini, kama kuna nyongeza.

Sasa nifike kwenye wiki kumi na moja. Ni miaka kumi na minne iliyopita. Muuguzi wa zahanati yetu ndogo, dada mchangamfu anayecheka kabla hajamaliza kichekesho chake, alikuwa amewapima wafanyakazi presha na uzito, na hakufurahi. Akaandika mwongozo wa ukurasa mmoja wenye mistari kumi na miwili, kichwa chake "Kula Vizuri, Ishi Vizuri": punguza chumvi, ongeza mboga, usiyarudie mafuta yaliyokwisha kukaangiwa, na kadhalika. Mstari wa sita ulihusu mawese. Aliukabidhi muswada kwetu, akaenda zake kozi ya karibu miezi mitatu. Tukauchapa kwa herufi kubwa, ukabandikwa ukutani mwa kantini.

Muuguzi alikuwa ameandika: "Usiyaunguze mafuta ya mawese mpaka yawe meupe." Ukutani pakasomeka: "Uyaunguze mafuta ya mawese mpaka yawe meupe." Silabi moja, "si", ilidondoka mahali fulani kati ya meza na mtambo. Herufi mbili tu, lakini katika lugha yetu hizo ndizo tofauti ya katazo na amri.

Meneja utawala wa wakati huo, ambaye naye amestaafu na ninamtakia afya, tulimwita Bwana Waraka. Kwake jambo likishachapwa limeshafikiriwa. Alisoma mstari wa sita, akaenda jikoni, akafunua sufuria, akakuta wekundu. Mama alimweleza kwa adabu kwamba yeye mafuta hayaunguzi, kwamba yakitoa moshi yanapoteza utamu na uzuri wake, na kwamba huenda karatasi ndiyo imekosea. Bwana Waraka akamjibu kwamba hapa ndipo karatasi zinapotoka, na zikitoka hapa zimetoka sawa. Mama akasema basi, kwa heshima zote, yeye hataunguza. Kesho yake akaandikiwa barua: amekaidi mwongozo wa afya, anahamishiwa kwenye sinki, na akikaidi tena ajira yake itakoma. Wakati huo alikuwa na watoto watatu shuleni. Jiko likapewa msaidizi wake, mtu mzima mwenye wajukuu wawili, ambaye aliunguza kama alivyoagizwa huku machozi yakimtoka, sijui ya moshi au ya aibu.

Moshi ule waliokuwepo hawatausahau. Uliingia chumba cha mitambo, ukapanda ngazi, ukakaa kwenye mapazia ya ofisi ya mkurugenzi. Tulichapa kadi mia tano za harusi na mteja akazirudisha zote, akasema zinanuka kama zimeokolewa kwenye ajali. Maharage yalipoteza rangi na hamu. Watu wakaanza kuja na vibakuli kutoka nyumbani. Wengine walikaa na njaa mpaka jioni, wakifika nyumbani wanakula bila breki, na hiyo ndiyo afya tuliyoipata kutokana na mwongozo wa afya.

Mimi nilikuwa msahihishaji wa kawaida, mwaka wangu wa tano kazini. Wiki ya pili udadisi ulinishika. Mtu ambaye kwa miaka kumi na saba hajakaidi hata kengele ya zamu, kwa nini akaidi mstari mmoja wa mafuta? Nikaenda kwenye kabati la kumbukumbu, nikavuta faili, nikauweka muswada wa muuguzi kando ya prufu, ile karatasi ya majaribio tunayoisahihisha kabla ya kuchapa. Kwenye muswada "si" ilikuwepo, kwa wino wa bluu, peupe kabisa. Kwenye prufu haikuwepo, na chini yake palikuwa na neno "Sahihi" na saini. Saini ilikuwa yangu.

Nimejiuliza mara nyingi jicho langu liliwezaje kupita pale bila kujikwaa. Jibu nililolipata ni hili: nyumbani kwetu mafuta ya mawese yaliunguzwa. Mama yangu mzazi aliyaweka kwenye moto mkali, akatutoa watoto nje, na hatukurudi ndani mpaka yamekuwa kama maji. Tuliambiwa huko ndiko kuyasafisha. Kwa hiyo niliposoma "Uyaunguze", nilisoma kitu ninachokijua, na kitu mtu anachokijua hakisomi, anakipungia mkono tu. Nawaambia wasahihishaji wanaoanza kazi: kosa la hatari zaidi ni lile linalokubaliana na nyumbani kwenu.

Nilirudisha faili kabatini. Nafasi ya msahihishaji mkuu ilikuwa imetangazwa wiki ileile na mimi nilikuwa nimeomba. Nikajiambia nitasema kesho. Niliogopa, huo ndio ukweli, na kila kesho ilipofika nilikuta nyingine nyuma yake. Kila mchana nilipeleka sahani yangu chafu kwenye sinki aliposimama yeye, naye akaipokea na kuniuliza habari za nyumbani.

Muuguzi alirudi wiki ya kumi na moja. Alisimama mbele ya ukuta akacheka, akaacha kucheka alipoambiwa nani yuko kwenye sinki. Akachomoa kalamu, akaandika "SI" juu ya mstari wa sita, akaingia ofisini kwa Bwana Waraka na kufunga mlango. Mchana huohuo Mama alirudi jikoni na barua ikaondolewa kwenye faili lake. Ikasemwa kosa ni la mtambo. Hakuna aliyeuliza nani alisahihisha, na mwezi uliofuata nikapandishwa cheo.

Mtambo haukukosea. Nilikosea mimi, nikajua, na nikanyamaza wiki tisa mtu akiosha sahani kwa sababu yangu. Hili ndilo sahihisho. Limechelewa miaka kumi na minne, lakini limechapwa mahali palepale kosa lilipochapwa.

Aibu humfanya mtu awe mdadisi kwa namna ya pekee. Kwa kuwa sikuweza kumwambia Mama nililotakiwa kumwambia, nilianza kumuuliza mengine. Nilikuwa napita jikoni kabla ya zamu ya kwanza, eti nimekuja kuomba maji ya kunywa, na nikabaki. Yeye hakunifukuza. Alinipa kisu na vitunguu, maana jikoni kwake hakuna mtazamaji.

Ndivyo nilivyojua kwamba kwake mafuta hayaingii kwanza. Kitunguu huanza na maji kidogo, moto ukiwa umeinama, mpaka kilegee na kuanza kutoa utamu wake. Maji yakikauka ndipo yanaingia mafuta, nusu ya kipimo tu, na kabla hayajawa na haraka yoyote nyanya inayafuata. Hutega sikio. Mafuta yakinong'ona yuko radhi. Yakianza kupiga kelele anavuta sufuria pembeni hata kama anaongea na mkurugenzi. Nusu ya pili huingia mwishoni, sufuria imekwisha epuliwa. Nilimuuliza kwa nini ayagawe. Akasema ulimi hukutana kwanza na kilichoingia mwisho, kwa hiyo kidogo kikiingia mwisho huonekana kingi.

Sikuamini. Kipimo chake ni kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, na Alhamisi moja nilivihesabu: kumi. Nikarudi mezani kwangu na penseli. Vikombe kumi kwa watu mia moja na sitini ni kama kijiko kimoja cha chai kwa kila mtu. Nilidhani nimekosea hesabu, kwa sababu sahani zilikuwa zinang'aa wekundu na watu wanapangusa mchuzi kwa kipande cha mwisho cha kiazi. Jumanne nikarudi, nikahesabu tena. Kumi.

Nilimpelekea muuguzi matokeo yangu kama mtu aliyegundua sayari. Alinieleza kwamba wekundu ule ni ndugu wa rangi ya karoti, mwili huutumia kwa macho na ngozi, na ukiyaunguza mafuta mpaka yawe meupe umeufukuza. Kisha akaniinulia kidole: mafuta ni mafuta. Karibu nusu ya mawese ni ile aina inayoganda, na moyo haupendi kuletewa aina hiyo kwa wingi. Kwa hiyo anayeyatukana amekosea kidogo, na anayeyasifu kama dawa amekosea kidogo. Mama alikuwa amekuja zahanati kufungwa kidole alichojikata, akasikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye huyachukulia kama mgeni wa heshima: unampa kiti kizuri, lakini humwachii funguo za nyumba.

Miaka saba iliyopita zamu ya kupimwa ilinifikia mimi. Muuguzi alitazama mizani, akatazama mashine ya presha, akanipima tena bila kucheka, na kwa mtu kama yeye hilo linatisha. Daktari alinipa dawa na kuniambia nipunguze uzito. Nikaapa. Kwa siku nne nilikula kabichi iliyochemshwa bila chumvi wala mafuta, mezani kwangu, kando ya kamusi. Siku ya tano nilikutwa mapokezi nikiwa na kopo la biskuti la dada wa mapokezi, limebaki vumbi tu.

Habari zilifika jikoni kabla sijafuta mdomo. Mama alipanda ngazi, jambo ambalo wengi hatukuwahi kuliona, ameshika sahani iliyofunikwa. Ilikuwa Alhamisi: maharage mekundu, kilima cha mboga za majani, kiazi kitamu kimoja. Aliiweka juu ya prufu zangu. Akaniambia mtu akijinyima raha yote ataiba tu, na cha kuiba huwa hakina kipimo. Kula vizuri na kuwa na afya, alisema, ni kazi moja; wanaozifanya mbili huchoka na zote wakaziacha. Akanionyesha nianze na kilima, nije kwenye maharage, kiazi mwishoni, na niweke kijiko chini kila ninapotafuna. Nilikula dakika ishirini na tano. Kabla ya hapo nilikuwa namaliza kwa saba.

Nikalalamika kwamba sahani ni ndogo. Hapo ndipo Mama alipocheka, na anapocheka hushika kiuno. Sahani zote za kantini zilikuwa zimekuwa ndogo tangu miaka miwili nyuma. Kila zilipovunjika aliagiza za kujazia, na kila mara aliagiza zenye upana uliopungua kidogo, mpaka zile kubwa zikaisha kabisa. Watu mia moja na sitini, tukiwemo wasahihishaji watatu tunaoishi kwa kutambua nafasi iliyozidi kati ya maneno mawili, hakuna aliyegundua. Tulihisi kitu siku vijiko vipya vilipoletwa tu, na tulilalamika kwamba vijiko ni vikubwa mno.

Nilipungua kilo nane kwa mwaka. Dawa naendelea kuzimeza, nisije nikasingiziwa kwamba natangaza mawese. Lakini mtu aliyenifundisha kwamba chakula kitamu si adui yangu ni yule niliyemkalisha kwenye sinki, na kila Jumanne nililila fundisho hilo na ulimi wangu ukabaki umekaa bila kukiri.

Nyumbani Mama ana mume, fundi wa redio, ambaye kwake mafuta yasipoelea chakula hakijapikwa. Mama anakiri kwamba wateja mia moja na sitini walikuwa rahisi kuliko huyo mmoja. Hata hivyo, tangu mwezi wa pili bwana huyo anajifunza kupika, ili mkewe akistaafu apumzike. Ameunguza vitunguu mara tatu na kuilaumu sufuria. Mama amekatazwa kuingia jikoni mwake mwenyewe, na anasema hukaa sebuleni akisikiliza, akijua kila kinachoharibika, amejiziba mdomo kwa kanga. Watoto watatu wamekua. Wa mwisho, yule wa likizo ya uzazi, sasa ni fundi umeme, na huja kuchukua nafasi ya mwonjaji.

Kamati ilipomuuliza angependa zawadi gani, tulitarajia aseme jiko au kitanda. Aliomba atembezwe kiwandani. Kwa miaka thelathini na moja amepika ukuta kwa ukuta na mitambo, na hakuna aliyewahi kumwonyesha neno linavyotoka mkononi mwa mwandishi mpaka likafika kwenye karatasi. Anataka kuona kila hatua, na ametuarifu kwamba atauliza maswali. Msimamizi wa mitambo atamtembeza Ijumaa saa tatu asubuhi. Zawadi ya kubeba ipo pia, lakini hiyo ni siri ya kamati.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, waliopo na waliotangulia kustaafu, tunamshukuru kwa milo zaidi ya nusu milioni, kwa ugonjwa wa tumbo ambao hatukuupata, kwa mboga tulizolazimishwa mpaka tukazipenda. Tunamshukuru pia msaidizi wake, ambaye alistaafu kabla yake na ameahidi kuhudhuria hafla.

Jumatano ya wiki iliyopita nilikwenda jikoni na daftari, eti kumhoji kwa ajili ya wasifu huu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, sikuthubutu kuvuta kigoda. Aliendelea kumenya kitunguu. Kisha akaniambia alijua.

Wiki yake ya tatu kwenye sinki yeye naye alishikwa na udadisi. Alimpelekea mtunza kumbukumbu chai, akaomba aione ile karatasi kabla haijawa karatasi. Akaiona "si" ya bluu. Akaiona saini, na saini yangu aliijua, maana niliiweka kwenye daftari lake la chakula kila mchana. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanitazama kama ninavyotazama koma iliyowekwa pasipo pake. Alikuwa na barua ya onyo shingoni na ameshika faili ambalo si lake kulishika, angeanzia wapi? Baada ya kurudi jikoni aliamua kungoja aone mwenyewe nitachukua muda gani. Alikadiria wiki moja, labda mbili. "Mdogo wangu," akasema, "moto mdogo naufahamu, lakini wako ulikuwa umezimika."

Nilimwachia rasimu aisome nyumbani. Kwenye aya ya sinki nilikuwa nimeandika kwamba Mama alizipokea wiki zile kwa uvumilivu mkubwa, kama ilivyo desturi yake. Wasifu wa mstaafu bila neno "uvumilivu" huonekana una pengo, na sikulifikiria mara mbili. Rasimu ilirudi Ijumaa ya wiki hiyohiyo. Sentensi ile ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake, kwa mwandiko wa mtu asiye na haraka, palikuwa na maneno haya: "Niliumia. Nililia kila siku njiani, nikanawa uso kabla ya kuingia ndani. Liandike hivyo."

Nimeliandika hivyo. Nimelipitia herufi kwa herufi na sikuwa na cha kugusa.

Mama, miaka kumi na minne tulikusifu kwa kuvumilia, na kwa kuwa tulikusifu hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kukupa pole. Pole sana. Na mimi, unisamehe. Uende na afya yako, uishi siku nyingi na za raha, nasi tunabaki tukikuombea.